Dawa Iliyotiwa Sumu na Kiwanda Kilichobomolewa

Watu wakishambuliwa kwa siri, wajibu wa kwanza ni upi: kumlinda aliye bado hatarini, au kumtafuta wa kulipizwa kisasi? Natutazame matukio mawili, na yote mawili yahusu dawa.

Mwishoni mwa Septemba 1982, huko Chicago na vitongoji vyake, watu saba walifariki baada ya kumeza Tylenol, dawa ya kutuliza maumivu. Mtu asiyejulikana alikuwa ametia sumu ya sayanidi ndani ya vidonge. Sumu ile haikutiwa kiwandani, na kampuni ya Johnson & Johnson, yenye dawa hiyo, ingaliweza kusema hivyo na kunyamaza. Badala yake iliwaonya watu wasiitumie, ikaziondoa madukani nchi nzima chupa zipatazo milioni 31, kwa hasara ya zaidi ya dola milioni 100. Kisha dawa ikarudi imefungwa kwa namna ambayo mnunuzi huona mara moja kama chupa imeguswa. Wako wasemao kwamba kampuni ilitazama faida yake ya baadaye. Na iwe hivyo; aliyeokoka hakudhurika kwa nia ya aliyemwokoa. Serikali nayo haikulala: mwaka ule ule iliamuru dawa zinazouzwa madukani zifungwe hivyo. Hakuna aliyepata kuhukumiwa kwa mauaji yale.

Sasa tuje kwetu. Tarehe 7 Agosti 1998 mabomu yalilipuka kwenye balozi za Marekani, Nairobi na Dar es Salaam. Walikufa watu zaidi ya 200, wengi wao Waafrika waliokuwa katika shughuli zao. Baada ya siku 13 Marekani ilirusha makombora Afghanistan, na pia Khartoum, juu ya kiwanda cha Al-Shifa kilichotengeneza dawa za wanadamu na wanyama. Ilidai kwamba kiwanda kilihusika na silaha za sumu, na ushahidi ulioutaja ulikuwa udongo uliochotwa karibu nacho. Sudan iliomba Umoja wa Mataifa upeleke wachunguzi, hawakupelekwa.

Ni kweli serikali ina wajibu ambao kampuni haina. Muuza dawa hana askari wala mahakama, naye hawezi kulaumiwa kwa kutomkamata mwuaji. Lakini kwa sababu hiyo hiyo serikali yapasa kuchunguza zaidi kabla ya kupiga, maana kosa lake halirudishwi dukani kama chupa. Na Marekani yenyewe iliijua njia nyingine: mwaka 2001, mahakama ya New York iliwatia hatiani watu wanne kwa milipuko ile ya balozi, baada ya mashahidi kusikilizwa na washitakiwa kujitetea. Kazi hiyo ilichukua karibu miaka mitatu.