Kulinda Mali Si Kukosa Tawakali

Wengi katika watu wetu wa Mwambao wamehamia bara kutafuta riziki, na baadhi yao wamepanga nyumba Kitengela, au hupita hapo katika njia ya Kajiado na Namanga. Huko jirani hamjui jirani. Mtu hutoka alfajiri gizani, simu mkononi, na simu hiyo ndiyo mfuko wake wa fedha tangu ilipoanza M-Pesa mwaka 2007. Akiporwa husema, "Ndivyo ilivyoandikwa." Neno ni la kweli, lakini hapa si mahali pake! Yule mtu aliyemwuliza Mtume (S.A.W.) habari za ngamia wake aliamrishwa amfunge kwanza, ndipo ategemee, amepokea Tirmidhi. Basi namba ya siri iliyo mwaka wako wa kuzaliwa ni ngamia asiyefungwa. Na mwenye kutundika hirizi mlangoni, hali kufuli lake ni bovu, huyo sijui nimweleze vipi.

Bonyeza *#06#, uandike zile tarakimu 15 za simu yako, uziweke nyumbani. Zitakufaa ukienda kushitaki polisi. Laini iliyoibwa ifungishe saa ile ile. Ukiambiwa umeletewa fedha kwa makosa, tazama salio lako kabla ya kurudisha chochote.

Lakini jihadhari, usipige ukelele wa "mwizi" kwa dhana. Umati wa steji hauulizi ushahidi. Huleta mawe na tairi, na anayeuawa huenda ni mpita njia tu, na damu yake utaulizwa wewe. Piga 999 au 112, na ushahidi wako kautoe kituoni.