Mwanga Usiotawanyika

Mwenzangu mmoja alinicheka, eti fizikia haisemeki kwa Kiswahili. Basi asome hapa.

Pigo fupi la mwanga likipita ndani ya uzi wa kioo hutawanyika, kwa kuwa rangi zake hazina kasi moja. Lakini likiwa na nguvu ya kutosha, hubadili kidogo namna kioo kinavyolipitisha, likajishikilia. Hiyo ndiyo solitoni. Hasegawa na Tappert waliibashiri mwaka wa 1973; ikaonekana 1980.

Tena mwanga hutikisika kwa pande mbili, wima na mlalo, na uzi huchelewesha upande mmoja. Mwaka wa 1987 Menyuk alionyesha kwa hesabu kuwa nguvu ikitosha, pande hizo hunasana. Ni kama mimi na mdogo wangu tukija shule kwa miguu: wa mbele hupunguza mwendo, wa nyuma hukaza, tukafika pamoja.

Haya, mwenzangu, bado haisemeki?