Klabu ya Treni za Mfano Dzaleka: Anzeni na Kipimo

Mtoto wa Malawi akipata waya na koleo, hakawii kuunda galimoto, yaani gari la waya. Ufundi huo umejaa katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka na mjini Lilongwe. Ili magari ya waya yawe treni, na mafundi wawe klabu, kubalianeni kipimo kabla mtu hajakunja waya.

Chagueni milimita 45 kati ya reli na reli, mkipima ndani kwa ndani. Reli halisi ya Malawi, ile itokayo Salima kupitia Lilongwe hadi Mchinji, ina upana wa milimita 1,067. Igawe kwa 24, unapata karibu 45. Na 45 ndiyo upana wanaoutumia wapenzi wengi wa treni za bustanini Ujerumani, Uingereza na Marekani, kwa hiyo behewa la Dzaleka litaweza kupanda reli zao. Kila kitu kigaweni kwa 24: behewa la mizigo la mita 12 linakuwa nusu mita, mtu mzima sentimita 7.

Kazi ngumu ni magurudumu, yapeni muda. Kila gurudumu ni duara mbili za bati zilizogandamana, ndogo nje na kubwa ndani. Ule ukingo wa ndani ndio unaolizuia behewa lisiache reli. Ekseli iwe spoku ya baiskeli. Magurudumu yakazwe kabisa yazunguke pamoja nayo, na kati ya migongo yao ibaki milimita 40.

Nyumba za Dzaleka ni finyu, basi kila mwanachama atengeneze kipande kimoja tu cha ubao, sentimita 60 kwa 30, reli ikiingia na kutokea katikati ya ncha fupi. Vijiti vitakuwa mataruma, fito za mbao ngumu zitakuwa reli. Fundi mmoja akate vibati vya milimita 45 na kumgawia kila mtu kimoja cha kupimia. Rula za watu kumi hazifanani. Treni isukumwe kwanza kwa waya mrefu, kama galimoto. Mota ije baadaye, betri ikibebwa ndani ya behewa.

Msidhani kutofautiana kwa vipimo ni tatizo la maskini. Chama cha kitaifa cha treni za mfano cha Marekani kilianzishwa 1935, na moja ya kazi zake za mwanzo ilikuwa kuoanisha vipimo ili behewa la kiwanda kimoja litembee kwenye reli ya kingine.

Mkiwaandikia wenzenu wa nje, msianze kwa kuomba. Tumeni picha ya behewa likiwa na rula pembeni, na maelezo ya treni mliyoiiga. Hapo wazee wa Kalemie, Kongo, waliopanda treni ya Kabalo ni hazina: waulizeni milango ilifungukaje, mizigo ilikaa wapi, rangi ilikuwa gani. Mkimbizi wa Burundi au Rwanda huenda hakukua na reli nyumbani, atajifunza kwao.

Mkimbizi haruhusiwi kwenda Lilongwe apendavyo, lakini mtu wa Lilongwe anaweza kufika Dzaleka, safari isiyozidi kilomita 50. Tamasha la Tumaini, lililoanza 2014, huwaleta wageni kambini. Ombeni nafasi mapema, na nyinyi wa Lilongwe njooni na vipande vyenu.