Mtoto Aliyevunjika Mfupa: Maumivu ya Usiku wa Kwanza

Msimu wa maembe huku Bariadi watoto huanguka mitini, na wengine huanguka kutoka kwenye tela la ng'ombe. Hospitali hunyoosha mkono na kuufunga bandeji ngumu, ile iitwayo hogo. Usiku, nyumbani, mtoto analia. Tufanye nini?

1. Mpe dawa kwa saa, usingoje alie. Siku 2 au 3 za kwanza ndizo ngumu. Mtoto wa kilo 20 kwa kawaida hupewa nusu kidonge cha parasetamoli cha miligramu 500 kila baada ya saa 6, yasizidi mara 4 kwa siku. Fuata kipimo alichoandika daktari. Usimpe aspirini.

2. Alaze mkono juu ya mto au kanga zilizokunjwa, uwe juu kuliko moyo. Achezeshe vidole.

3. Usimkande, usiloweshe hogo, wala usichokonoe ndani kwa kijiti.

HATARI! Maumivu yakizidi ingawa amepewa dawa, vidole vikivimba sana, vikipoa, vikipauka au kufa ganzi, au akilia unapovinyoosha, basi damu haipiti vizuri. Misuli huanza kufa baada ya saa chache. Vijiti vya mganga wa mifupa vilivyokazwa mno huleta hatari hiyohiyo.

Usingoje asubuhi. Mrudishe hospitali usiku huohuo, hogo lipasuliwe. Nauli ya usiku ni ghali, lakini mkono uliokatwa hauoti tena.