Kabla hujachukua pikipiki ya mkataba Milepa

Kijana wa Milepa akitaka kuingia kwenye bodaboda, mara nyingi hana pesa ya kununua pikipiki dukani. Anachukua ya mkataba: tajiri ananunua, yeye anapeleka hesabu kila siku, na muda ukiisha pikipiki inakuwa yake. Mpango huu umewainua wengi, wala siupingi. Ninachopinga ni hesabu ya Mbeya au Dar es Salaam kuletwa huku bondeni bila kupimwa.

Tuweke namba. Zako zinaweza kuwa nyingine, ila njia ni hii. Tuseme pikipiki dukani ni shilingi 2,600,000. Tajiri anataka 10,000 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, mwaka mzima. Utakuwa umempa 3,120,000. Faida yake ni 520,000, na kwa mtu aliyetoa pesa taslimu akakuamini, si nyingi. Swali ni moja tu: hiyo 10,000 utaipata wapi mwezi Februari?

Mvua zetu Rukwa huanza Novemba na kuendelea mpaka Aprili. Mpunga upo shambani, mifuko ni mitupu, barabara ni tope, na mtu wa kwenda Ilemba anaona heri atembee. Mei ikiingia, mambo yanageuka. Watu wanavuna, magunia yanatafuta usafiri, abiria anapanda bila kubishania nauli. Lakini hesabu haina masika wala kiangazi. Vijana wengi hunyang'anywa pikipiki Februari au Machi, wakiwa wameshalipa zaidi ya nusu, na wakati huo msimu wa pesa uko mlangoni.

Dar es Salaam madereva na kampuni walivutana kwa namna nyingine. Mwaka 2022 LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, iliweka kikomo cha kamisheni ya kampuni za teksi za mtandaoni kuwa asilimia 15. Uber ikasimamisha huduma Aprili mwaka huo, ikarudi Januari 2023 kikomo kilipopandishwa hadi asilimia 25. Madereva walikuwa na haki ya kulalamika, maana kamisheni inakatwa kwenye nauli kabla hujatoa pesa ya mafuta. Hata hivyo, siku usipobeba mtu, asilimia haikudai kitu. Hesabu inakudai hata ukiwa umelala na malaria. Kwa hiyo mzigo wa bodaboda wa Milepa ni mzito kuliko wa dereva wa teksi ya mtandaoni, ingawa hakuna anayeuandika magazetini.

Dawa ya mzigo huu ni kuomba hesabu ya misimu. Mwambie tajiri hivi: Mei hadi Oktoba nitakuletea 14,000, Novemba hadi Aprili 6,000. Piga mwenyewe. Miezi sita ya kwanza ni 2,184,000, sita ya pili ni 936,000, jumla ni ile ile 3,120,000. Tajiri hapotezi hata shilingi, na wewe hulali njaa ili pikipiki ibaki. Mkataba ukianza Mei ni bora zaidi, kwa sababu tajiri anaona pesa yake mapema na moyo wake unatulia. Ukianza Novemba, atakuwa na wasiwasi, na wasiwasi wa tajiri ndio unaovunja mikataba.

Ili uwe na neno la kusema mbele yake, fanya kwanza udeiwaka, yaani kuendesha pikipiki ya mwenzako kwa siku, kwa wiki mbili, ikiwezekana masika. Beba daftari. Kila jioni andika pesa uliyoshika, petroli uliyotia, na kiasi cha kuweka kando kwa ajili ya kumwaga oili, tairi, brekishuu na seti ya cheni. Kinachobaki ndicho unachoweza kugawana na tajiri. Bei ya petroli usiikisie: EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, ya Sumbawanga ikiwemo. Ukinunua ya chupa kijijini, andika bei ya chupa.

Kuhusu aina ya pikipiki, usimsikilize muuzaji. Nenda kwa fundi na kwa muuza spea wa hapa hapa, uliza ni vipuri vya pikipiki gani anavyo leo kwenye rafu. Boxer na TVS za India, au Sanlg ya China, zote zinatembea. Ile ambayo spea yake lazima ifuatwe Sumbawanga itakulaza siku mbili kila ikiharibika, na siku hizo hesabu inaendelea kuhesabiwa. Na safari ya huko si ndogo: Sumbawanga iko juu yetu kwa takriban mita 1,000. Ukishuka mlima wa Lyamba lya Mfipa kurudi bondeni, usiachie fri kwa kubana mafuta. Shuka na gia ndogo, injini ikushikilie. Brekishuu zikipata moto mteremkoni, hazishiki, na nyuma yako kuna mtu.

Mkataba uandikwe, usainiwe kwa mtendaji wa kijiji, kila mmoja abaki na nakala. Uonyeshe nani analipa bima, nani anagharamia injini ikifa, itakuwaje ukiugua wiki nzima, na kadi itahamishiwa jina lako lini. Kila siku ukitoa hesabu, tajiri atie saini kwenye daftari lako.

Tajiri akikataa hesabu ya misimu, usichukue pikipiki yake Novemba. Endelea na udeiwaka, na Mei wakianza kuvuna mpunga, rudi kwake na daftari lako.