Betri ya Gari Ifungwe Imara

Wenzangu, watu wengi wakitazama betri ya gari huona umeme tu. Humwuliza fundi kama ina moto wa kutosha kuwasha injini asubuhi, naye akijibu ndiyo, boneti hufungwa. Wachache hukumbuka kwamba betri ni mzigo pia. Betri ya gari dogo huwa na uzito wa kilo 15 hivi, na ya lori huzidi hapo sana. Ndani yake mna risasi na asidi kali. Mzigo wa namna hiyo usipofungwa sawasawa ni hatari kwa dereva na kwa abiria wake. Katika somo hili nataka kueleza jinsi ya kuifunga betri na sababu ya kila jambo, ili kila msomaji aweze kuikagua mwenyewe.

Jambo hili latuhusu sana sisi wa Gudele. Magari mengi ya hapa Juba yamekwisha kutumika katika nchi nyingine kabla ya kufika kwetu kwa njia ya Mombasa, Uganda na Nimule. Kwa miaka mingi bolti za betri hupotea, au mwenye gari hununua betri ya kipimo kingine, isiyoingia katika kibano cha zamani. Ndipo betri hufungwa kwa mpira uliokatwa katika tyubu ya gurudumu. Njia zetu za mtaani ni za udongo, na mvua zikinyesha hujaa mashimo. Gari hilo hilo lililotikiswa mtaani huingia kesho katika barabara ya lami ya Nimule, yenye kilometa 192, iliyomalizika mwaka 2012, na huko huenda mbio. Basi mpira uliolegezwa na mashimo ndio unaotegemewa penye mwendo wa kasi.

Watu wa mashindano ya magari waliijua hatari hii zamani. Katika Afrika ya Mashariki mashindano makubwa ni Safari Rally, yaliyoanza mwaka 1953, yakapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Njia zake zilikuwa za vumbi, matope na mawe, hata katika mwaka 1963, na tena mwaka 1968, magari saba tu yalifika mwisho. Katika mashindano ya namna hii kila gari hukaguliwa kabla ya kuruhusiwa kuondoka, na betri ni mojawapo ya vitu vinavyotazamwa.

Sheria za Shirikisho la Kimataifa la Magari, FIA, zasema wazi. Betri ikihamishwa kutoka mahali pake pa asili, lazima ikalie kitako cha chuma, na ishikwe na vibano viwili vya chuma vilivyofunikwa kwa kitu kisichopitisha umeme. Vibano hivyo vifungwe kwa bolti zenye kipenyo cha milimeta 10 au zaidi. Tena chini ya kila bolti, upande wa pili wa bati la gari, pawekwe kipande cha chuma chenye unene wa milimeta 3 au zaidi, na eneo la sentimeta za mraba 20 au zaidi, yaani kama sentimeta 5 kwa 4. Betri ikikaa ndani wanamokaa watu, iwe betri kavu, isiyoweza kumwaga asidi.

Huenda msomaji akauliza, Mbona chuma chote hicho kwa kitu cha kilo 15? Jibu limo katika somo letu la fizikia. Tuseme gari linakwenda kilometa 50 kwa saa, ambazo ni karibu meta 14 kwa sekunde. Likagonga mti, likasimama katika nafasi ya nusu meta. Mraba wa 14 ni 196. Tukiugawa kwa mara mbili ya umbali, yaani kwa 1, twapata 196. Basi gari limepunguza mwendo kwa meta 196 kwa sekunde kila sekunde, yaani mara 20 ya mvuto wa dunia. Betri ya kilo 15 itasukuma kibano chake kwa nguvu ya nyutoni 2,940, ambayo ni sawa na uzito wa mifuko sita ya saruji ya kilo 50. Ni nani angeifunga mifuko sita ya saruji kwa mpira wa tyubu, kisha akae mbele yake?

Hesabu hiyo yaeleza pia kazi ya kile kipande cha chuma cha chini. Bati la gari ni jembamba, na kichwa cha bolti ya milimeta 10 hakifiki sentimeta za mraba 3. Nguvu yote ikikusanyika hapo, bolti haikatiki, ila hulichana bati na kutoka nzima. Kipande cha sentimeta za mraba 20 huieneza nguvu hiyo mahali papana zaidi, bati likastahimili.

Betri ikitoka mahali pake, hatari ni tatu. Ya kwanza ni shoti. Kichwa cha chanya kikigusa boneti au bodi, umeme mwingi hupita kwa mara moja, chuma huwa chekundu, na petroli ikiwa karibu moto huwaka. Ya pili ni asidi, ambayo huunguza ngozi na kupofusha macho. Ya tatu ni gesi. Betri inapochajiwa hutoa haidrojeni, nayo ikichanganyika na hewa, tangu sehemu 4 katika 100, cheche moja yatosha kuilipua. Hata pasipo ajali kuna hasara, maana betri inayotikisika hupukutisha dawa iliyo katika bati zake za risasi. Dawa hiyo hujikusanya chini, betri ikafa kabla ya wakati wake.

Sasa tutazame kazi yenyewe.

Kwanza, zima injini na taa zote. Vaa miwani ya kukinga macho, vua pete na saa ya chuma. Fungua waya wa hasi kwanza, kisha wa chanya. Sababu yake ni kwamba katika magari ya siku hizi bodi yote imeungwa na hasi. Ukianza na chanya, na spana yako ikagusa bodi, utapiga shoti.

Pili, ondoa betri, usafishe mahali pake. Jiwe dogo likibaki chini, mtikisiko utalifanya litoboe sanduku la betri. Penye kutu tazama kwa makini, maana bolti nzuri katika bati bovu haina faida.

Tatu, weka betri katika kitako chenye kingo, isiweze kwenda mbele, nyuma wala kando.

Nne, pitisha chuma bapa juu yake, ukikaze kwa bolti mbili zilizoshika kitako au bodi. Chuma hicho kisikaribie vichwa vya betri. Hapa ndipo mpira wa tyubu una kazi yake halali: uvike ule chuma, usipitishe umeme. Kaza mpaka betri isicheze, lakini usizidishe, sanduku lisije likapasuka.

Tano, rudisha waya wa chanya kwanza, na wa hasi mwisho. Funika kichwa cha chanya kwa kifuniko chake.

Mwisho, shika betri kwa mikono miwili, uisukume na kuivuta kila upande. Gari zima likitikisika pamoja nayo, ni vizuri. Betri ikitikisika peke yake, kazi bado.

Asidi ikimrukia mtu machoni, aoshwe mara moja kwa maji safi mengi yanayotiririka, muda wa dakika 20, kisha apelekwe hospitali upesi. Asisugue macho.

Nilipokuwa nikimweleza hayo dereva mmoja mzee wa basi dogo, aliniambia, "Mwanangu, mpira huu una miaka miwili, na betri haijaanguka hata siku moja." Nikamjibu, "Ni kweli, mzee. Lakini katika miaka hiyo miwili je, gari limegonga kitu?" Alicheka, akasema, "La, Mungu ameniepusha." Nikamwomba aisukume betri kwa mkono wake mwenyewe. Akaisukuma, nayo ikateleza karibu upana wa vidole viwili. Aliitazama kwa kitambo, kisha akauliza chuma bapa na bolti mbili hupatikana wapi. Jumamosi ile mchomeleaji alimtengenezea, na abiria wa basi lile, miongoni mwao wanafunzi wa shule yetu, sasa hupanda gari lenye betri isiyocheza.

Maneno ya mzee yule husemwa na wengi, na hayana ubaya. Ila miaka miwili bila ajali yaonyesha tu kwamba mpira waweza kushika betri katika mashimo. Haionyeshi kwamba utaishika siku gari litakaposimamishwa na mti badala ya breki, na siku hiyo hakuna nafasi ya kujaribu mara ya pili. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Basi wenzangu, hatuna uwanja wa mashindano hapa Gudele, wala hatuna mkaguzi wa kutusimamisha mstarini. Lakini tuna macho na mikono. Gari la nyumbani, la shule au la jirani likifunguliwa boneti, ombeni ruhusa kwa adabu, injini ikiwa imezimwa, mwisukume betri kwa mikono miwili. Ikicheza, mwambieni mwenye gari siku hiyo hiyo.