SOMO: NYOTA ZA ABIRIA NA HAKI YA DEREVA



Uber ilianza kazi Nairobi mwaka 2015. Tangu hapo abiria hupanda gari la mtu asiyemjua. Anamwaminije? Simu humwonyesha jina la dereva, picha yake, namba ya gari, na nyota alizopewa na abiria waliotangulia, kuanzia 1 hadi 5. Dereva naye humpa abiria nyota. Hivyo watu wasiojuana huaminiana.

Lakini tujiulize: daftari la nyota hizo liko mikononi mwa nani? Liko kwa kampuni. Nyota za dereva zikishuka, huweza kufungiwa kazi kwa simu yake mwenyewe, na watoto wakalala njaa. Mizani isiyokaguliwa haiaminiki.

Mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria kwamba uamuzi wa kumfungia mfanyakazi wa namna hii sharti ufanywe na binadamu, si mashine, na aelezwe sababu kwa maandishi. Nasi tudai hayo, pamoja na nafasi ya kujitetea mbele ya mwakilishi wa chama. Abiria amepata kinga yake. Dereva naye apate.

Umoja ni nguvu.